Neno "racket": makelele, raketi ya tenisi na utapeli. Ni neno moja au matatu?

#1 Chaki Nyeupe (mleta uzi)
Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Kiingereza kidato cha tatu. Alhamisi tulikuwa na kifungu cha habari kinachoanza na mama anayefoka toka sebuleni: "Stop that racket!" Sababu ya kufoka inakuja aya ya pili, kwa hiyo nikawasimamisha hapo hapo nikauliza, mama anataka nini? Binti mmoja wa dawati la mbele, mtoto anayesoma kweli kweli, akasimama: "Anataka waache kucheza tenisi, mwalimu."

Darasa zima likacheka. Akakaa, akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa daftari. Iliniuma, kwa sababu hakujibu kijinga. Alikuwa amefungua kamusi, na kamusi yetu inaanza na raketi ya tenisi. Chini yake kuna kelele kubwa za fujo. Chini yake tena kuna njia haramu ya kujipatia hela. Kengele ilipolia alinifuata mlangoni akaniuliza: "Mwalimu, hizi kelele, raketi na utapeli vimekutana wapi?"

Nimemwahidi jibu Jumatatu. Nisaidieni kabla ya hapo.

#2 Mzee wa Kona
Natandika mkeka hapa. Wataalamu wanakuja.

#3 Fundi Redio
Mkuu, usiende mbali. Hilo ni neno la kuiga sauti. Litamke polepole uisikie hiyo "k" inavyogonga. Waingereza wana crack, wana clatter, wana rattle. Sisi tuna kukurukakara, tuna kwaruza, tuna chakarisha. Buruta bati juu ya sakafu ya saruji, halafu uniambie kama bati halisemi "raket raket". Neno la namna hiyo halina babu, limezaliwa na sikio.

Hiyo ya tenisi ni mgeni aliyefanana jina.

#4 BintiMzizima
Fundi hajakosea sana, ila ametia hakika pasipo na hakika. Kamusi kubwa za Kiingereza zinalikuta neno hili kwa maana ya kelele kuanzia miaka ya 1560, na zinasema "huenda" ni la kuiga sauti. Hilo "huenda" tusilifute. Wapo waliolihusisha na "racaid" la Kigaeli cha Uskoti, ambalo nalo ni kelele. Kamusi ya Oxford inaona mkopo ulikwenda upande wa pili, yaani Wagaeli ndio waliochukua kwa Waingereza.

La tenisi ni kongwe kuliko hilo na njia yake ni nyingine, limepita Ufaransa, "raquette". Na kabla halijawa chombo lilikuwa jina la mchezo. Mshairi Chaucer, karne ya 14, ana mhusika anayezungumzia kucheza "raket", huku na huko. Wengine wanasema pale ulikusudiwa mchezo wa dadu, lakini hiyo "huku na huko" inanukia mpira.

Kwa hiyo mimi nahesabu mawili yaliyogongana sura, kama paa la nyumba na paa wa porini. Hakuna anayemlaumu mtoto wa Kizungu akidhani nyumba imeezekwa kwa mnyama. La tatu, la utapeli, ndilo lenye kesi.

#5 Mzee wa Kona
Paa wa porini juu ya nyumba 😂 Huyo binti wa dawati la mbele aonyeshwe hii.

#6 Pwani Mchangani
Assalaam alaykum. Mie natia mguu kwenye hilo la tenisi, maana linatuhusu kuliko mnavyodhani.

Wafaransa kabla ya raketi walikuwa wanaupiga mpira kwa mkono mtupu. Mchezo wenyewe wanauita "jeu de paume", mchezo wa kiganja. Sasa kiganja kwa Kiarabu ni raaha, na kiganja cha mkono ni rahatul-yad. Wapo wanaosema "raquette" imetoka huko, na mlango iliopitia ni tiba. Vitabu vya tiba vya Kiarabu vilitiwa Kilatini kule Italia karne ya 11, na katika wafasiri wakubwa alikuwemo Konstantino Mwafrika, mtu wa Afrika Kaskazini. Katika Kilatini cha matabibu wa zama hizo mna neno "rasceta", la sehemu ile ya mkono karibu na kiganja.

Na Kiarabu hicho hicho, raaha ndiyo mapumziko, ndiyo kutua roho. Hiyo ndiyo tuliyoichukua sisi tukaifanya raha. Kama madai hayo yana ukweli, basi raketi na raha zimetoka nyumba moja.

#7 Muscat Mpweke
Nathibitisha hilo la raaha, nalisikia kila siku. Ziko na peremende laini zenye unga wa sukari juu, zile za Kituruki. Jina lake kwa Kiarabu lilikuwa rahatul-hulqum, raha ya koo. Waturuki wamelikatakata mpaka likawa lokum.

#8 Kinyozi wa Kilosa
Kwa hiyo raketi ni raha, na kelele zake ni ka-raha. Uzi umekwisha wakuu, tukalale.

#9 BintiMzizima
Kinyozi, karaha haina "ka" ya udogo. Ni Kiarabu vilevile lakini mzizi wake ni mwingine kabisa, ule ule wa "makuruhu" na "ikirahi". Zimekaa jirani kwenye ulimi wetu tu, ndiyo maana waimbaji wanapenda kuzipanga pamoja.

Na Pwani Mchangani, shukrani kwa posti nzuri, ila weka alama ya kuuliza. Safari hiyo ya kiganja imetiliwa shaka. Wapo wanahistoria wa tenisi wanaosema "raquette" imetoka kwa Waflemi, wale wa kaskazini ya Ubelgiji, "raketsen", ambayo nayo ilitoka Kifaransa cha zamani, "rachasser", kuurudisha mpira. Kwa mchezo ambao kazi yake yote ni kurudisha mpira, maana hiyo inakaa vizuri.

#10 Pwani Mchangani
Inakaa vizuri, sikatai. Lakini kiganja nacho kinakaa vizuri, na jina la mchezo ni kiganja. Nabaki na changu.

#11 Konda Mstaafu
Mnazungumza Kilatini, mie nitawaeleza nilichokiona. Miaka kumi na mbili nimefanya kazi ya ukonda, stendi ya mkoa mmoja nisioutaja.

Siku moja jioni, abiria wamejaa, watu wawili wakaanza kugombana mbele ya mlango wa basi. Ugomvi wa kiroba cha vitunguu. Mmoja anadai kalipa, mwingine anasema hajalipwa, sauti zinafika mbinguni. Kiroba kikapasuka, vitunguu vikasambaa chini ya magari. Watu wakainama kusaidia. Mimi nikainama. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni akainama. Tulipoinuka, mfuko wangu wa nyuma ulikuwa umechanwa kwa wembe, mchano mmoja ulionyooka kama umepimwa kwa rula, na mauzo ya siku hayapo. Mama yule mkoba wake ulikuwa umekatwa chini, vimebaki vitambaa vya mtoto. Nikageuka kuwatafuta wale wagomvi. Hayupo hata mmoja. Vitunguu wameviacha.

Mwalimu anauliza kelele na utapeli vimekutana wapi. Vimekutana pale. Kelele zilikuwa ndiyo kazi yenyewe, wizi ulikuwa sehemu ndogo ya mwisho.

#12 Mzee wa Kona
Pole sana Konda. Hii imenigusa.

#13 Chaki Nyeupe (mleta uzi)
Konda, hilo naomba nilibebe darasani. Jina lako halitatajwa, vitunguu vitatajwa.

#14 Buda wa Eastlands
Konda amesema poa, na kuna wanaoeleza neno hivyo hivyo, ati wezi wa mfukoni wa London walipiga racket ndio watu wageuke. Lakini mimi nawapeleka Marekani, maana hapo ndipo neno lilipata nguvu.

Zamani racket ilikuwa pia sherehe ya makelele, watu wengi, muziki. Maana hiyo Waingereza walikuwa nayo tangu karne ya 18. Sasa New York mwishoni mwa karne ya 19, magenge na vilabu vya wanasiasa vilikuwa vinaandaa dansi zinazoitwa rackets. Wanachapisha tiketi, halafu wanapita duka kwa duka. Mwenye duka hataki dansi, hajui hata ukumbi uko wapi, lakini ananunua tiketi ishirini kwa sababu anajua asiponunua vioo vyake havitaamka salama. Hapo ndipo jina la sherehe linakuwa jina la kulazimishwa kutoa pesa.

Halafu Chicago, miaka ya 1920, wanatoa racketeer na racketeering. Jumuiya ya waajiri wa jiji hilo ililitumia neno mwaka 1927 ikiulalamikia uhalifu ndani ya chama cha madereva. Mwaka 1970 serikali ya Marekani ikapitisha sheria ya RICO, ile R ya kwanza ni Racketeer. Kutoka kelele za dansi hadi sheria ya kufunga mafia.

#15 Mama Kadi
Tiketi ya dansi usiyoitaka, wewe Buda usinichekeshe. Mimi kazini kwangu mwezi uliopita nimeletewa kadi sita za mchango wa harusi, mbili za watu nisiowajua hata kwa sura. Ila vioo vyangu viko salama, namshukuru Mungu.

#16 Buda wa Eastlands
Mama Kadi, sisi huku tunaambiwa ni harambee, unatoa ukitabasamu.

#17 Mwana wa Lubumbashi
Jambo bandugu. Mimi nawasoma toka Lubumbashi. Huku neno hilo tunalo, lakini lilitufikia kwa mlango wa Kifaransa. Ukisema "racket" hapa, hakuna anayefikiria kelele hata kidogo, wala tenisi. Ni kunyang'anywa pesa barabarani na mtu mwenye nguvu kuliko wewe. Kuna na kitendo chake, "racketter". Nilipoenda kusoma Uganda nikasikia mwalimu anaambia watoto "stop that racket", nikafikiri anawashtaki wizi.

Kinachonishangaza ni kwamba Wafaransa walitoa "raquette" ikaenda Uingereza, halafu karne ya 20 wakairudisha "racket" toka Amerika, na sasa wanayo yote mawili. Wanayaandika tofauti wala hawaoni udugu.

#18 Baridi ya Montreal
Mwana wa Lubumbashi, ongeza na la tatu. Huku Québec "raquettes" ni viatu vya kutembelea juu ya theluji. Fremu pana ya mviringo, ndani imefumwa nyuzi kama raketi ya tenisi, unaifunga chini ya buti usizame. Mwaka wangu wa kwanza bosi aliniambia nije Jumamosi na raquettes. Nilienda dukani nikarudi na za tenisi. Hawakunicheka, wakaniazima jozi. Kwa hiyo yule binti wa darasani mwambieni ana dada yake Kanada.

#19 Chaki Nyeupe (mleta uzi)
Nimecheka peke yangu ofisini. Nitamwambia.

#20 BintiMzizima
Buda, historia ya tiketi ni nzuri na Chicago ni kweli, ila usiweke mwanzo wa maana ya utapeli New York. Maana hiyo inapatikana Uingereza tangu mwaka 1785, zaidi ya miaka mia moja kabla ya hizo dansi. New York na Chicago waliikuta njiani wakaipa misuli.

Na yuko shahidi wa ndani. James Hardy Vaux, mwizi wa Kiingereza aliyesafirishwa Australia kama mfungwa, aliandika msamiati wa lugha ya wezi mwaka 1812 akiwa huko huko kifungoni. Anasema racket ni jina la aina fulani za wizi na ulaghai, na kila aina ina jina lake. Mojawapo ni "letter-racket". Mtu anapita kwenye nyumba za watu wenye uwezo akiwa na barua inayoeleza maafa makubwa: meli imezama, nyumba imeungua, watoto hawana chakula. Wenye huruma wanatoa, na maafa hayapo.

#21 Kinyozi wa Kilosa
Subiri. Barua ya maafa, mwaka 1812?
"Ile hela itume kwenye namba hii, jina litakuja..."

#22 Fundi Redio
😂😂 Kinyozi umemaliza. Wamebadilisha bahasha tu.

#23 Shangazi wa Tandika
Msicheke sana. Mama yangu alipigiwa simu, mtu analia kabisa, anamwita bibi, anasema ni mjukuu wake kapata ajali, daktari anataka hela kabla ya kumshona. Nyuma ya simu kunasikika king'ora, watu wanapiga kelele "mleteni, mleteni". Mama alituma elfu themanini akiwa anatetemeka, hata miwani hakuvaa. Mjukuu alikuwa chumba cha pili anafua viatu vya shule.

Ndiyo maana mimi namuunga mkono Konda wa posti namba 11. Kilichomwibia mama si maneno ya yule kijana. Ni zile kelele za nyuma. Ziliujaza moyo wake, swali likakosa pa kukaa.

#24 Konda Mstaafu
Shangazi, mpe pole mama. Ndivyo ilivyo hasa.

#25 Mhasibu Mtulivu
Naomba nilete jingine, na hili ni wazo langu, sijalikuta kwenye kamusi yoyote. Uko mchezo mwingine unaitwa rackets, unachezwa kwa kugonga mpira ukutani, na squash imetokana nao. Mchezo huo ulianzia kwenye magereza ya wadeni ya London, Fleet na King's Bench, karne ya 18. Wadeni walikuwa na kuta ndefu na muda mwingi, basi wakapiga mpira ukutani.

Sasa mahali hapo pamejaa waliofilisika, matapeli na wanaowindwa na wadai, na kutwa nzima wanacheza rackets. Karne hiyo hiyo neno racket linaingia kwenye lugha ya wezi. Mimi naona kuna njia hapo, kutoka raketi moja kwa moja hadi utapeli bila kupitia kelele.

#26 BintiMzizima
Mhasibu, wazo zuri. Wapo wanaoipitisha maana ya utapeli kwenye raketi ya mchezo, kwa hoja kwamba ulaghai ni "mchezo", na wengine wanaongeza kwamba "rack-rent", ile kodi ya nyumba ya kukamua watu, iliisukuma zaidi. Mimi bado nina Konda kichwani. Lakini kwa hoja, siwezi kukuangusha.

#27 Dili na Mchongo
Wakuu, mnaisahau lugha yenu wenyewe. Kwa Kiingereza ukimuuliza mtu "what's your racket?" unaweza kuwa unamuuliza kazi yake tu, si lazima awe mwizi. Sisi tuna mchongo. "Una mchongo gani siku hizi?" Inaweza kuwa kazi halali, inaweza kuwa ujanja, anayejua ni anayejibu. Na mchongo umetoka kwenye kuchonga, mambo ya patasi na gogo. Mtu wa miaka mia mbili ijayo akiukuta mchongo kwenye kamusi, useremala na dili vimekaa ukurasa mmoja, atafungua uzi kama huu. Na hatapata pa kushika asipompata mtu wa mtaani wa leo.

Ndiyo shida ya racket. Waliojua hawakuandika. Yule mfungwa wa posti namba 20 aliandika maana, hakuandika chanzo.

#28 Fundi Redio
Posti bora ya uzi huu. Hata mimi wa bati nimenyamaza.

#29 Mlamu wa Mkomani
Salaam. Kwa kuwa mada ni kelele, nami nina neno jirani. Hilo "noise" lenyewe asili yake ina mvutano vilevile. Waingereza walilipata kwa Kifaransa cha zamani, na huko lilikuwa kelele na ugomvi. Hadi leo Mfaransa akisema "chercher noise" anamaanisha kutafuta ugomvi. Nyuma zaidi, wengi wanalipeleka kwenye Kilatini "nausea", kichefuchefu cha baharini, kutoka Kigiriki "naus", chombo cha baharini. Wengine wanakataa, wanasema ni "noxia", madhara.

Mimi ni mtu wa bahari, nachukua la kichefuchefu. Na sababu yangu ni hii. Neno letu nahodha ni la Kiajemi, "nakhuda": "nav" ni chombo, "khuda" ni bwana. Na hiyo "nav" ya Kiajemi na "naus" ya Kigiriki ni ndugu wa damu, hilo wanaisimu hawabishani. Kwa hiyo ikiwa noise imetoka baharini, basi silabi yake ya kwanza na silabi ya kwanza ya nahodha zimetoka jahazi moja.

Na msio wa baharini muelewe jinsi kichefuchefu kinavyogeuka kelele. Nilikuwa mdogo, tumetoka Lamu kwenda Kiwayu, kusi imekaza. Watu walikuwa wamelala sitahani, mmoja anatapika, mwingine anaita mama, mtoto analia, mbuzi wawili wamefungwa tezi nao wanalia, foromali, ule mti wa tanga, inagonga mlingoti. Baba alikuwa kwenye usukani hasemi kitu. Nikiulizwa ile siku ilikuwa kichefuchefu au kelele, siwezi kuvitenga.

#30 Pwani Mchangani
Mlamu, hapo umenivua kofia. Nahodha na noise!

#31 Kinyozi wa Kilosa
Mimi nina swali dogo. Hicho kigitaa cha ukulele, chenye nyuzi nne, ni ukelele wetu? Maana jirani yangu akikipiga ni ukelele kabisa.

#32 Mlamu wa Mkomani
La, ndugu yangu. Hicho ni cha Hawaii. Kwao "uku" ni kiroboto na "lele" ni kuruka, kiroboto arukaye. Ukelele wetu ni yowe moja, na zikiwa nyingi ndiyo kelele. Watu wengi wamesahau kwamba kelele ina umoja.

#33 Mzee wa Kona
Kelele ina umoja! Nina miaka hamsini na tisa, leo ndiyo nimejua.

#34 Nesi wa Zamu
Jamani niwaulize kitu cha maisha, kisha mrudi kwenye Kilatini chenu. Nafanya zamu za usiku, nalala mchana. Nyuma ya ukuta wangu kuna mashine ya kusaga, na ng'ambo ya barabara kuna baa inayoanza kufungua spika saa nane mchana. Nilitaka kuandika barua serikali ya mtaa. Najua kanuni za kelele zipo, Tanzania zimetoka 2015, Kenya wanazo tangu 2009. Lakini nilipokaa kuandika, neno "kelele" likawa dogo. Mashine ina mvumo, naizoea, hata nalala nayo. Spika ya baa ni kitu kingine, inakwaruza, inakata, inaanza na kuacha, mtu anapima maiki "alo, alo, tesiti", halafu kimya, halafu mlio ule wa filimbi unaoingia kwenye meno.

Hilo ndilo racket? Na kwa Kiswahili niandike nini?

#35 Shangazi wa Tandika
Andika makelele. Ile "ma" inatosha.

#36 Pwani Mchangani
Huku tungesema ghasia. Makelele ni ya sikio tu, ghasia inaingia mpaka kwenye utaratibu wa nyumba.

#37 Buda wa Eastlands
Andika kero ya sauti. Barua ya ofisi itaeleweka haraka.

#38 Fundi Redio
Nesi, mlio wa filimbi ule ni maiki kuisikia spika yake yenyewe: sauti inatoka, inaingia tena, inazunguka na kukua. Wakigeuza spika zisitazamane na maiki utapungua. Hilo waambie kabla ya barua.

Neno: mimi naandika zogo. Racket ni zogo. Kelele inaweza kuwa ya kitu kimoja, zogo lazima vitu viparamiane.

#39 BintiMzizima
Fundi, zogo ni la watu. Spika haifanyi zogo. Wahenga walisema kelele za mlango haziniwasi usingizi, hawakusema zogo la mlango.

#40 Fundi Redio
Mlango ni mmoja, ndiyo maana. Milango kumi ikipigwa na upepo ni zogo.

#41 Nesi wa Zamu
Nimeandika "makelele yanayokwaruza". Asanteni. Na la kugeuza spika nitawaambia kesho nikitoka zamu.

#42 Chaki Nyeupe (mleta uzi)
Wakuu, nimerudi. Leo ilikuwa Jumatatu.

Niliwaeleza kwamba hakuna jibu moja, nikaandika yote ubaoni: bati la Fundi, kiganja na rasceta, Waflemi wanaorudisha mpira, wadeni wa gerezani, tiketi za New York, barua ya maafa. Vitunguu vya Konda nikavieleza kwa mdomo, na hapo hapakuwa na mtoto aliyepiga chafya. Kisha nikawaambia kuhusu mtu aliyeambiwa alete raquettes Kanada, akaleta za tenisi. Binti wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Kwa hiyo mwalimu, sikukosea, nilichagua mstari wa juu tu." Nikamwambia ndivyo. Akaomba chaki, akaenda ubaoni akaandika "paa" mara mbili, chini ya moja akachora nyumba, chini ya nyingine mnyama mwenye pembe.

Niliwapa kazi watafsiri "Stop that racket!" Wengi wameandika "Acheni kelele!" Kumi na mmoja wameandika "Acheni fujo!" Yeye ameandika "Acheni zogo hilo!" na nimempa vema.

#43 BintiMzizima
Hongera mwalimu, na hongera kwake. Lakini vema hiyo naipinga. Zogo ni la watu, na la watu wengi. Kwenye kifungu hicho watoto walikuwa wangapi?

#44 Chaki Nyeupe (mleta uzi)
Wawili. Na sufuria tatu.

#45 Fundi Redio
Sufuria tatu! Zogo.